Muhuri wa Bwana Orkani

Mwandishi wa habari Mwahawa Chengula aliomba viza ya kwenda kuripoti nchini Bandoro. Afisa viza wa ubalozi wa nchi hiyo, Bwana Orkani, hakutaka aende.

"Dada, habari utakayoandika huko tunaisoma kwanza hapahapa, kabla hujasafiri. Nikishaigonga muhuri, hubadilishi hata nukta."

Mwahawa akakaa kwenye benchi, akaandika, akampa. Orkani akapitisha macho akitafuta matusi, akakuta sifa tupu. Akagonga muhuri: "Serikali Imethibitisha."

"Safi. Viza uifuate baada ya miezi sita."

"Haiwezekani, bosi. Hebu soma tena mstari wa kwanza."

Orkani akasoma: "Bwana Orkani alinipa viza siku ileile, huku akitabasamu."

"Nibadilishe," Mwahawa akauliza, "au serikali yenu imethibitisha uongo?"

Orkani akagonga viza kwa hasira.

"Bado kutabasamu," Mwahawa akamkumbusha.