Mkia wa Samaki wa Jiwe

Sogeeni, lakini msikilize kama mahakimu, maana mwishoni nitataka hukumu.

Nyuma ya vilima vya Lindi waliishi marafiki watatu waliozoea kuokota mawe ya ajabu kila Jumapili, kwa raha zao tu. Bi Somoe alikuwa na macho: kilichowapita wengine hakikumpita yeye. Chitanda, fundi mwashi, alikuwa na mikono: aligonga jiwe, akasikiliza mlio, akajua litapasukia wapi. Nampunju, fundi viatu, alikuwa na subira isiyochoka.

Siku moja korongoni Bi Somoe aliinama, akaondoa majani makavu juu ya jiwe. "Humu mna samaki," alisema. Kweli, ubavuni palionekana mstari wa magamba, mwembamba kama uzi. Wenzake wakatazamana. Majani yametoka wapi, na mti hakuna? Au alikwisha kuliona, akalificha?

Chitanda akashika patasi. "Geukeni, vipande visiwaingie machoni."

Wakageuka. Jiwe likafunguka pande mbili, na samaki wa zama za kale akaonekana, mifupa yote imetulia. Ila mkia.

"Mkia uko wapi, Chitanda?"

"Nitajuaje, Bi Somoe? Labda umerukia mchangani."

Wakapekuana mifuko, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Hawakuona kitu. Jiwe walilitia ndani ya gunia, wakalibeba hadi nyumbani, kila mmoja ameng'ang'ania pembe yake.

Kesho yake Nampunju alirudi peke yake na chekeche. Alichekecha mchanga kutwa, magoti yakachubuka, akaja na mkia. Akaugandisha, hata ufa usionekane.

"Umejuaje pa kutafuta?" Chitanda aliuliza.

"Nilitafuta kote."

"Au ulijua ulikouweka?"

Nampunju aliendelea kubandua gundi vidoleni.

Walipompeleka samaki makumbusho, mhifadhi alifurahi mno. "Kibao kina nafasi ya jina moja," alisema. "Nani aliyempata?"

"Mimi niliyemwona," alisema Bi Somoe.

"Bila mimi ungeona jiwe tu," alisema Chitanda. "Mimi ndiye niliyemtoa."

"Ukamtoa bila mkia," alisema Nampunju. "Nani aliyemkamilisha?"

Mpaka leo kibao ni kitupu. Jumapili kila mmoja huenda korongoni kivyake, akigeuka geuka kuona nani anamfuata.

Labda kati yao yupo mwongo. Labda wote ni wakweli na shaka ndiyo iliyowaharibu. Sasa nyie mliokaa hapa, mhifadhi angewapa kalamu, mngeandika jina la nani?