Mkanda Mpana wa Munubi

"Mkanda ukiteleza usiukaze, upanue." Ndivyo shangazi yenu alivyoambiwa jana kwenye sherehe ya kumuaga bintiye, alipoung'ang'ania mkono wa bibi harusi hadi gari likachelewa. Nyinyi mkacheka bila kujua mnachekea nini, na leo mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Sogezeni hizo karanga, mmenye huku mkisikiliza. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia kwa kaka yangu Munubi.

Munubi alikuwa na boti ya injini ya dizeli iliyobeba abiria na samaki kutoka mwalo wetu wa wavuvi hapa kisiwani Ukerewe hadi Mwanza. Alioa ng'ambo ya ziwa, akamleta Milembe, binti wa wafugaji wa Kisukuma ambaye hakuwahi kulala mahali palipozungukwa na maji. Alimpenda waziwazi, hata wenzake wakamtania kwamba siku hizi anachana nywele. Hofu yake ilikuwa moja tu: Milembe akienda kwao kusalimia, hatarudi. Kwa hiyo kila alipoomba kwenda kumwona mama yake, Munubi alijibu kwamba boti imejaa. Boti yake mwenyewe, wajukuu zangu, na mkewe hana pa kukaa.

Milembe hakugombana naye. Akiulizwa, anajibu, akipika, kinalika, lakini mwenyewe hayupo. Mimi wifi yake nilimwona siku moja akifua nguo zake zote, hata zile safi, nikajua ataondoka kwa njia yoyote ile, na akiondoka hivyo ndoa imekwisha.

Mwaka huohuo Munubi alifunga jokofu la samaki botini, na ili lipate umeme wa kutosha akaweka alteneta kubwa badala ya ile ndogo. Mkanda wa injini unaoizungusha aliuacha uleule mwembamba, ambao pia ulizungusha pampu ya maji ya kupoza injini. Mzigo ukauzidi, ukawa unateleza na kumwaga unga mweusi. Jokofu halipoi, samaki wanaoza. Sasa mafundi wa mwalo wetu walikuwa na desturi yao: mkanda hupimwa kwa kuupiga kidole kama uzi wa zeze, na unaotoa sauti nyembamba ndio husifiwa. Munubi akaukaza kwa mtaimbo hadi ukatoa sauti hiyo. Ukateleza tena. Akaukaza zaidi. Mwishowe ukaivuta pampu upande mpaka beringi yake ikasagika, injini ikachemka, na boti ikakokotwa kurudi mwaloni.

Milembe alimpelekea chakula, akamkuta ameipakata pampu. Aliitazama beringi iliyosagika, kisha akautazama mkanda.

"Kwetu hatumfungi ndama kwa kamba nyembamba," alisema. "Akivuta, inamkata shingo. Ukivuta na wewe, inamkata zaidi. Tunasuka kamba pana, halafu tunailegeza."

"Akitoroka?"

"Anayekatwa shingo ndiye hutoroka, Munubi."

Jioni kaka yangu alikuja kuniuliza kama mkewe alikuwa akizungumzia ndama kweli. Nikamwambia akaiulize pampu.

Alikwenda kwa wachonga vyuma, akachongesha puli mpya, yale magurudumu yanayopitiwa na mkanda, zenye mifereji: ya injini, ya pampu na ya alteneta. Akanunua mkanda bapa wenye mistari ya kuingia kwenye mifereji hiyo, mpana kama wa malori, akazipanga puli zikanyooka mstari mmoja. Mkanda aliukaza kiasi tu. Ukiubonyeza kwa dole gumba, unakubali kidogo. Mafundi waliupiga kidole, haukuimba, wakamcheka. Lakini injini ilipowaka, alteneta ilizunguka bila kuteleza na pampu ikatulia. Mkanda mpana hushika kwa sababu umegusa pengi, si kwa sababu umebana.

Safari ya kwanza, Munubi alimtandikia Milembe kiti cha mbele kabla abiria hawajaingia. Walipofika Mwanza alimshushia mzigo wake. Milembe akasimama akisubiri kuulizwa atarudi lini.

"Msalimie mama," Munubi alisema. "Mwambie nimechelewa kukuleta."

Akageuza boti. Tangu hapo kila alipofika Mwanza alitupa jicho gatini mara moja tu, akapakia abiria, akaondoka. Alikuwa akila kwangu, tena kidogo kama mgonjwa. Hakumtuma mtu, wala hakupiga simu ya kuhimiza.

Kisha siku moja hukohuko Mwanza alirudi kutoka sokoni akamkuta Milembe amekwisha kukaa botini katikati ya abiria, kibuyu cha samli mapajani. Milembe alimkagua kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekonda. Nani alikuwa anakupikia?"

"Wifi yako."

"Basi ndiyo maana. Washa injini, twende nyumbani."

Upishi wangu nilimsamehe, kwa sababu ya hilo neno la mwisho. Kabla ya hapo hakuwahi kukiita kisiwa chetu hivyo.

Munubi aliisimulia mwaloni habari ya mkanda wake kwa maneno hayohayo mliyoyasikia jana, na waliomcheka ndio walioyasambaza. Basi mwacheni shangazi yenu alie leo, ni haki yake. Kesho mkampikie uji, mkae naye, na akitaka kumpigia simu bintiye kwa mara ya kumi, mmwambie kwa upole: mkanda ukiteleza usiukaze, upanue.