Daftari la Nyimbo za Mama

Wapendwa, kabla ya kwenda mbali leo, naomba twende kwanza dukani. Ni yale maduka ya vifaa vya shule, mnayajua, yenye madaftari yaliyopangwa mpaka karibu na dari.

Alikuwapo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mwenye mwandiko ambao hata wakaguzi waliusifu. Mwalimu huyu alikuwa na mama yake mzazi, mjane, mkulima wa maharage, asiyejua kusoma wala kuandika. Lakini Mungu hamnyimi mtu vyote. Yule mama alikuwa mtunzi wa nyimbo za sifa. Alizitunga akiwa ameinama na jembe mkononi, na akina mama wa mashamba ya jirani wakamwitikia. Nyimbo zenyewe hazikuwekwa popote ila kichwani mwake.

Siku moja mama akamwambia binti yake, "Mwanangu, kichwa changu siku hizi kinavuja kama bati kuukuu. Jana nimetafuta ubeti wa wimbo wangu mwenyewe, sikuuona. Wewe una kalamu. Niandikie."

"Nitaziandika zote, mama," akajibu mwalimu. Na alisema kweli, kutoka moyoni. Hilo naomba mlishike, maana huyu hakuwa mtoto mbaya.

Akaenda dukani. Mwenye duka, mama mtu mzima, akamuuliza daftari ni la kazi gani, naye akamweleza. Mwenye duka akatoa kijidaftari kidogo, cha kuingia kwenye mfuko wa gauni. "Chukua hiki, mwalimu. Mtu anayeimba shambani, mwandikie hukohuko shambani."

Mwalimu akacheka. "Nyimbo za mama yangu niziandike kwenye kitu cha kuandikia chumvi na sabuni? Nipe lile kaunta buku kubwa, lenye jalada gumu."

Niwaulize, alikosea? Nani kati yetu angemlaumu? Anampenda mama yake, anataka kumpa kilicho bora. Mimi mwenyewe ningelipa na kusema asante.

Alipofika nyumbani akalivalisha karatasi ya kaki, na juu yake nailoni, kama tunavyofanya kwa madaftari ya watoto shule zinapofunguliwa. Akapiga pambizo kwa kalamu nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho. Mwalimu ni mwalimu tu. Akajiwekea na sheria, kwamba katika daftari hili hakuna kukata wala kufuta. Kisha akalifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni, lisije likashikwa na mikono yenye mafuta.

Jumamosi wakaenda kupalilia. Mama akaanza wimbo mpya, mtamu, beti zinafuatana zenyewe. Mwalimu akasimama, akajipapasa mifukoni. Hana kitu. Kaunta buku lile angelibeba wapi, kichwani juu ya jembe?

"Mama, subiri kidogo," akasema. "Utaniimbia jioni. Daftari liko nyumbani."

Mama akasubiri. Jioni akaoga, akajifunga kitenge chake cha kanisani, akakaa mezani wima kama mtu anayepigwa picha. Mwalimu akafungua ukurasa wa kwanza, akashika kalamu. "Haya mama, imba."

Mama akatikisa kichwa. "Haupo, mwanangu. Ulikuwa kulekule kwenye maharage."

"Jaribu tu, mama."

"Sasa unataka nilime hapa sakafuni?"

Wakacheka wote wawili. Ndiyo, walicheka, na daftari likarudi kabatini. Mwalimu akasema watakaa vizuri wakati wa likizo. Likizo ikaja na mitihani ya kusahihisha. Akasema basi ile nyingine. Na kila walipokwenda shambani mama aliimba, na kila mara mwalimu alisikia, akafurahi, akajiambia kwamba wimbo huu nao lazima uingie kwenye daftari.

Kabla ya likizo ile nyingine mama akaugua kifua, akafariki.

Msibani, mzee wa kanisa akamwinamia mwalimu pale alipokaa kwenye mkeka. "Pole sana, mwalimu. Tunaomba daftari la kuandika majina ya waliokuja kutupa pole. Liwe kubwa, maana watu ni wengi."

Mwalimu akampa ufunguo. Halafu akasema, "Lipo kabatini."

Likaletwa. Kwenye ukurasa wa kwanza, ule uliofunguliwa ile jioni ya kitenge, wakaanza kuandikwa waombolezaji, vizuri kabisa, ndani ya pambizo nyekundu.

Makaburini, akina mama wa mashambani wakasema mwenzao hawezi kuzikwa kwa wimbo wa kuazima. Wakaanza mmoja wa nyimbo zake. Wakaimba ubeti wa kwanza, ukaisha. Wakatazamana. Aliyekuwa akiongoza akamgeukia binti wa marehemu, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ubeti wa pili unaanzaje?"

Mwalimu akafungua mdomo. Wimbo ule aliusikia mara nyingi kuliko mtu yeyote aliyesimama pale. "Siujui," akasema.

Wakarudia ubeti wa kwanza. Ukaisha, wakaurudia tena, na tena, mpaka udongo ukajaa.

Ndugu zangu, nasikitika ninapowaambia habari hii, kwa sababu naona sura zenu na najua makabati yenu. Sisi tunapenda, lakini upendo wetu tunaununulia chombo kikubwa kisichobebeka. Tunasema nitakwenda kumwona baba nikipata nafasi ya kukaa wiki nzima, na nafasi ya saa moja tunaidharau. Tutaomba pamoja kama familia nyumba ikiisha. Nitamwomba ndugu yangu msamaha siku nitakayokuwa na maneno mazuri. Maneno mazuri ya nini? Yeye anasubiri neno lolote.

Mungu hutupa wapendwa wetu kidogokidogo, wakiwa wanalima, wanamenya ndizi, wanalalamikia magoti. Hawatakaa mezani wakiwa wamejifunga kitenge ili tuwaandike. Mwenye kijidaftari cha chumvi na sabuni atapata mistari miwili iliyopinda, yenye tope la shambani. Ile mistari miwili, mwalimu yule leo angeipokea kwa magoti.

Nilikuwa nimemwambia kiongozi wa kwaya kwamba muda umekwenda, tufunge kwa ubeti wa kwanza na wa mwisho kama tulivyozoea. Naomba anisamehe. Simameni, tuimbe beti zote.