Kwa Nini Msitu Hauhesabiwi na Mtu Mmoja

Wajukuu zangu, kulikuwa na wakati ambapo mtu mmoja tu alitosha kuuhesabu msitu.

Mwaka huo njaa iliingia milimani, na wazee wakaamua kukata msitu mmoja walime. Ilikuwepo misitu miwili, wa juu na wa bondeni. Ili kujua upi ubaki, walimtuma mwindaji Mwakio afunge fundo kwenye kamba kwa kila kiumbe chenye faida atakachokiona.

Mwakio alihesabu kwa jicho la mwindaji. Paa, fundo. Kanga, fundo. Kamba ya msitu wa juu ilirudi na mafundo arobaini, ya bondeni ikarudi na tisa.

Mkewe, Mghoi, alikuwa mkunga. Aliipapasa ile kamba ya bondeni, akaingiwa na hofu, kwa kuwa binti yao Mkawasi alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Baba Mkawasi, lile jani la penye majimaji umelihesabu?"

"Linaliwa?"

"Haliliwi. Linazuia damu ya mzazi, na huota bondeni tu."

"Mama Mkawasi, mimi nimetumwa kuhesabu mali. Majani yamejaa kila mahali."

Mghoi aliwaendea wazee, wakamjibu kwamba hesabu imekwisha. Mdharau mwiba, wajukuu zangu, mguu huota tende. Bonde lilikatwa, likachomwa, likapandwa mtama. Mghoi aliwahi kuchuma majani kidogo, lakini jani lile likikauka halifai kitu. Alizihesabu siku za mwanawe kwa hofu.

Mkawasi alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukatika. Mwakio, aliyejua nyayo za kila mnyama, alipiga magoti katika shamba la mtama akitafuta jani ambalo hata sura yake hakuijua. Aling'oa kila kijani alichokiona, akarudi na kikapu kilichojaa magugu. Alikuta wanawake wamekwisha kumfunika binti yake uso.

Na tangu siku hiyo, kwetu msitu hauhesabiwi na mtu mmoja. Huingia mwindaji, mkunga, mfinyanzi na mrina asali, kila mmoja na kamba yake, na shoka haliinuliwi mpaka kamba zote zilazwe mbele ya watu. Mwaka huu tuliingia watu kumi na mmoja. Hata hivyo, nilipotoka niligeuka nyuma mara tatu, nikijiuliza ni kipi nimekikanyaga bila kukijua.