Ngoma Iliyolia Tumboni mwa Fisi

Zamani za kale, kabla jembe la kwanza halijafuliwa, jua lilikaa juu ya nchi ya Simba likakataa kuondoka. Mito ikabaki mchanga mtupu. Kiboko, masikini, alikuwa akijipaka vumbi na kujidanganya kuwa ameoga.

Enzi hizo mafundi walikuwa mafundi kweli. Bi Kigong'ota alichonga ngoma kwa mdomo wake, na kabla ya kuwamba ngozi aliinong'oneza neno. Ngozi ikishanong'onezwa hutii. Alikuwa na ngoma ya kulaza watoto na nyingine ya kuotesha kunde. Simba akamwita.

"Nataka ngoma ya mvua," alinguruma. "Mfalme mzima kama mimi kushikwa na kiu ni aibu!"

"Mzinga wa ngoma ninao, Bwana mkubwa. Na ngozi ipo. Marehemu Mbogo aliusia yake iwambwe ngoma, maana alipenda kucheza hata akiwa na homa."

"Basi kesho ilie. Isipolia, namla fundi."

Bi Kigong'ota akainong'oneza ngozi neno la mvua, akailoweka kwenye maji ya mwisho ya kisima, kisha akaenda kutafuta vigingi. Fisi, aliyelia kuliko wafiwa kwenye msiba wa Mbogo, alijitolea kuilinda.

"Marehemu alikuwa kama ndugu yangu," alisema, huku akimeza mate.

Fisi alionja ncha tu. Kisha akaonja katikati. Kisha akashangaa kuona hapakuwa tena na cha kuonja.

"Fisi, ngozi iko wapi?" aliuliza Bi Kigong'ota aliporudi.

"Upepo umeichukua, dada."

"Upepo gani? Hata jani halitikisiki!"

"Ulikuwa mdogo, tena una haraka."

Kesho yake wanyama wote walikusanyika, ndimi nje. Simba aliposikia habari ya upepo, akafungua kinywa. Bi Kigong'ota alilia kwa uchungu, akiwawaza makinda wake. Sungura, aliyekuwa akilitazama tumbo la Fisi lilivyovimba wakati wa njaa, akapiga hatua mbele.

"Bwana mkubwa, kabla hujamla fundi, tuwashe moto. Ngoma hailii vizuri mpaka ngozi yake ipashwe."

"Ngozi imepotea, we masikio!"

"Tupashe hivyo hivyo. Na mwenye kipande chake cha nyama aje achome, kuni ni bure."

Kusikia bure, Fisi akakimbilia shimoni kwake, akafukua paja la nyama alilowaficha wenzake tangu kiangazi kianze. Akaketi karibu na moto kuliko wote, hata sharubu zikajikunja.

Joto likamwingia. Mara, *ndi!*

"Nani huyo?" aliuliza Simba.

"Njaa tu, Bwana mkubwa."

*Ndi! Ndi! Ndi-ka-ndi!* Fisi akalikumbatia tumbo, nalo likazidi kurindima. Ngiri akaanza kutikisa mabega bila kutaka. Juu, wingu likachungulia.

"Nilionja kidogo tu!" alipiga kelele Fisi, akaruka kukimbia. Alipouacha moto, tumbo likanyamaza na wingu likageuza njia.

"Mrudisheni!" alinguruma Simba.

Tembo akamkanyaga mkia, akamketisha palepale. Ngoma ikarudi, na wingu likarudi na ndugu zake. Wanyama wakacheza. Paja lilipoiva, Simba akalikata, kipande cha kwanza akampa Bi Kigong'ota.

"Paja langu jamani!" alilia Fisi.

"Nyamaza, unaharibu mdundo," alisema Simba, kinywa kimejaa.

Mvua ikanyesha mpaka ikauzima moto, na hata moto ulipozimika haikukumbuka kukoma. Fisi akautafuta mfupa. Chui alikuwa ameshaondoka nao.

Tangu hapo, kila kiangazi kikizidi, majirani humgongea Fisi mlango kwa adabu zote: "Umeamkaje, jirani? Tumekuja na kuni." Naye huketi motoni akidunda, akijifunza upya kila mwaka kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa.