Viatu Vilivyojua Kufunga Tu

Hapo zamani za kale, masultani walipokuwa na nafasi nyingi kuliko kazi, palikuwa na mji uitwao Mtondoni, na mtawala wake alikuwa Sultani Mwengo. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda vitu vipya tu, kama mtoto apendavyo kengele, na kila kipya kilipoingia jumbani mwake, cha zamani kilitolewa nje.

Katika mji huo aliishi fukara mmoja, jina lake Badi, asiye na shamba wala duka. Wengi walimwona mjinga, kwa sababu alishika maneno jinsi yalivyosemwa. Ukimwambia, "Ningoje hapa," ukasahau, kesho yake ungemkuta palepale, ametandika kanga kuukuu anakungoja. Aliyempa mahali pa kulala alikuwa Mzee Mbaruku, mfunga viatu wa Sultani, na jioni walikula sahani moja.

Kazi ya Mzee Mbaruku ilikuwa hii. Viatu vya Sultani vilikuwa vya kamba ndefu, zilizopanda mpaka juu ya kifundo cha mguu. Asubuhi Mzee alizifunga, na kila Sultani alipofika mlangoni pa mtu alizifungua, maana desturi ya Mtondoni ilikuwa kwamba hapana aingiaye nyumba ya mwenzake na viatu mguuni, awe mchukuzi wa maji au awe Sultani. Kwa kazi hiyo Mzee alipewa nyumba ndogo nyuma ya jumba, akamlea humo mjukuu wake yatima, Mwanate.

Basi ikawa asubuhi ya harusi ya Mwanate, akatokea fundi mgeni kutoka nchi ya mbali, akaingia barazani kwa Sultani na jozi ya viatu vyekundu. Akasema, "Ewe Sultani, viatu hivi vina akili. Tia mguu, vitajifunga vyenyewe."

Sultani akatia mguu. Kisigino kilipogusa chini, magurudumu madogo yaliyofichwa ndani ya soli yakalia, krrr, krrr, na kamba zikajivuta, zikakaza, zikatulia.

"Ajabu!" akasema Waziri Nuhu. "Bwana wangu, tuliishije mpaka leo bila viatu hivi?"

"Hata mimi najiuliza," akasema Sultani.

Badi alikuwa ameketi karibu na mlango, panapovuliwa viatu, kwa kuwa ndipo mafukara walipowekwa. Watu wote walikuwa wakiutazama uso wa Sultani, wajue wakati wa kushangaa. Badi, kwa pale alipokaa, aliona miguu tu. Basi fundi alipovivua viatu ili avifute vumbi, Badi akamwona anapenyeza vidole chini ya kamba na kuvuta pini ndogo ya shaba, ndipo kamba zikalegea. Sultani akavivaa tena, krrr, na fundi akapokea dhahabu yake, akaaga, akapanda ngamia wake, akaenda zake.

"Mbaruku," akaita Sultani.

"Labeka, Bwana."

"Umeona?"

"Nimeona, Bwana."

"Basi kazi yako imepata mwenyewe. Ile nyumba niachie kesho. Nataka mahali pa kuweka vitu vipya."

Mzee Mbaruku akasema, "Bwana, leo namwoza mjukuu wangu."

"Ndiyo maana nimesema kesho," akajibu Sultani, na Waziri Nuhu akausifu upole wake.

Badi akamtazama yule mzee. Hakulia wala hakulalamika. Alikuwa akijifuta mikono kwa upindo wa kanzu, kana kwamba imechafuka. Jambo hilo likamchoma Badi kuliko machozi. Akainuka.

"Ewe Sultani, mimi ni mjinga, niulize?"

"Uliza, Badi. Utuchekeshe."

"Viatu hivi vimemshinda Mzee Mbaruku katika kazi yake yote?"

"Yote."

"Na vikishindwa?"

Sultani akacheka mpaka kilemba kikacheza. "Sikiliza, ewe mjinga. Vikishindwa kabla jua halijatua, Mbaruku atarudi kazini na nyumbani kwake. Visiposhindwa, kesho wewe na yeye mtatoka katika mji huu. Tena nakuwekea sharti: usiviguse."

"Nimekubali, Bwana. Lakini naogopa. Kamba ikilegea hata kidogo, Waziri atasema Badi kaingiza kidole. Nakuomba upige mbiu: mpaka jua litue, mkono wa mwanadamu, wa mkubwa wala mdogo, usiguse kamba za viatu vya Sultani, na atakayegusa atolewe mjini. Hapo nitakuwa salama na masingizio."

"Anajitia kitanzi mwenyewe!" akanong'ona Waziri.

"Pigeni pembe," akaamuru Sultani.

Sasa, pembe ya Mtondoni haikuwa ya mchezo. Amri iliyopigiwa pembe haikufutwa na mtu yeyote ila Sultani mwenyewe, naye sharti asimame mbele ya watu aseme neno moja: nilikosea. Tangu mji ujengwe, hapana Sultani aliyepata kulisema. Basi pembe ikalia mitaa yote, na watu wakaficha mikono ndani ya nguo.

Sultani akatoka kwenda kuvionyesha viatu. Akapita sokoni, akapita kwa wasuka mikeka, kila mahali akikanyaga kwa kishindo ili visikike. Naye Badi akamfuata nyuma, mikono mgongoni.

Alasiri wakafika nyumbani kwa Mzee Mbaruku, kwa kuwa desturi iliamuru kwamba ndoa ya mtoto wa mtumishi wa jumba haisomwi mpaka Sultani aingie na kuketi mkekani. Ndani, kadhi alikuwa amekwisha kukaa. Bwana harusi alikuwa akitoka jasho. Harufu ya pilau ilikuwa imejaa uwanja mzima, na wanawake walikuwa wamevuta pumzi tayari kwa vigelegele.

Sultani akafika kizingitini, akanyoosha mguu mbele kama alivyozoea. Hapana aliyeinama. Akautikisa mguu.

"Jifungueni," akaviambia viatu.

Aliposhusha mguu, vikalia krrr, vikakaza zaidi.

"Waziri! Nifungue."

Waziri Nuhu akarudi nyuma. "Bwana wangu, pembe imelia. Nina watoto."

"Basi nitafungua mwenyewe!" Sultani akainama kwa shida, kitambi kikimzuia, vidole vyake vikakaribia kamba.

"Mkono, Bwana!" akapiga kelele Badi.

"Mkono gani?"

"Huo. Amri imesema mkono wa mwanadamu, mkubwa wala mdogo. Labda mkono wako si wa mwanadamu, mimi mjinga sijui. Kama ni wa malaika, endelea."

Watu wakaangalia chini, mabega yakitikisika. Sultani akajiinua, uso umemwiva. Akajaribu kukivua kiatu kwa kukikanyaga kwa kingine. Kila alipokanyaga, kisigino kiligusa chini, magurudumu yakadhani anavaa, yakavuta tena. Krrr. Krrr. Vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi.

"Narudi jumbani," akasema akiuma meno.

"Rudi kwa heri, Bwana," akasema Badi. "Ila hata kule pana kizingiti, na zulia, na kitanda. Na huku bwana harusi amengoja tangu adhuhuri, masikini."

"Badi! Toa shauri!"

"Ninalo, Bwana. Amri haikumtaja mbuzi. Mbuzi wa jirani anapenda sana ngozi. Nimlete azitafune hizo kamba? Waziri atamshika mkia."

Hapo mwanamke mmoja ndani akashindwa kujizuia, akapiga kigelegele, na uwanja wote ukalipuka kwa kicheko. Sultani Mwengo akaitazama miguu yake, akawatazama watu wake, akaona hapana njia. Akakohoa.

"Enyi watu wa Mtondoni," akasema, "ile amri..." Akakwama. Kisha akalisema upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Nilikosea."

Pembe ikapigwa. Badi akasema kwa adabu, "Na viatu, Bwana? Vimeshindwa, au havijashindwa? Jua bado liko juu."

"Vimeshindwa! Nusu ya kazi havikuijua kabisa. Mwite Mbaruku, haraka, mguu unakufa!"

Mzee Mbaruku akatoka ndani na kanzu yake ya harusi. Hakuharakisha. Akapiga magoti, Badi akamwonyesha ile pini kwa kidole, naye Mzee akaivuta, na Sultani akashusha pumzi iliyosikika mpaka jikoni. Akaingia peku, akaketi mkekani, ndoa ikasomwa, vigelegele vikapasua paa.

Alipokwisha kula, moyo wa Sultani ukapoa, akaanza kucheka peke yake. Akampa Badi joho jipya, akamwuliza, "Niambie kweli, ewe mjinga mwenye hila. Viatu hivi havina faida kwa yeyote?"

"Vinayo, Bwana. Mpe mtu aliyepoteza mikono, avae asubuhi bila kuomba, na jioni jirani amvulie. Huyo atakuombea dua. Lakini wewe una mikono miwili na watumishi tele. Ulinunua dawa ya ugonjwa usiokuwa nao, ukataka kumfukuza tabibu."

Basi viatu vikapelekwa kwa mtu wa namna hiyo, na Mzee Mbaruku akabaki na nyumba yake. Kesho yake asubuhi alikuwa amepiga magoti jumbani, akifunga viatu vya zamani.

"Umekaza mno, Mbaruku," akasema Sultani. "Legeza kidogo."

Mzee akalegeza. Kisha, bila kuinua uso, akauliza, "Na vile vyekundu, Bwana, uliviambia mara ngapi vilegee?"

Sultani akacheka, akanyoosha mguu wa pili. Hekaya yetu imefika mlangoni. Aliyecheka na acheke, na aliyevaa na avue.