Aliyeitika Karibu Isiyo Yake

Palikuwa na mjane mmoja kwenye ukingo wa mto Rufiji. Mumewe alipokuwa hai, akirudi na mtumbwi, hupiga hodi angali majini, na mkewe humjibu kutoka nchi kavu: "Karibu!" Msimu mmoja wa mafuriko mto ukarudisha mtumbwi, mwenyewe haukumrudisha. Watu wakajaa, wakalia naye. Matanga yakaanuliwa, kila mtu akarudi kwake.

Mjane hakuacha kuita. Kila alasiri alishuka na mkeka wake, akayaelekea maji: "Karibuuu!"

Wakati huo ndipo boti za watalii hupita kutazama viboko. Neno hilo wageni wanalijua, ndilo la kwanza wanalofundishwa. Wakapunga mikono, wakapiga picha, wakamrudishia: "Karibu! Karibu!" Wakasimulia makwao kwamba watu wa mto ule wana furaha, hata vikongwe hukaribisha boti. Tuwalaumu? Mtu husikia kile anachokijua.

Majirani walimtania. "Shoga, umeita Wazungu boti nzima, utawapikia nini?"

"Sikuwaita wao."

Walijua. Nani hakujua? Wakashika njia zao.

Siku moja boti ikageuza, ikaja ukingoni. Akashuka mwanamke wa Kizungu, mtu mzima, mkongojo wake ukizama topeni. Nahodha, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, alitafsiri huku akitazama chini: "Bibi, anasema jana ulimkaribisha akapita, na leo umemkaribisha tena. Ameona haya kupita mara ya pili."

"Mwambie sikumwita yeye. Namwita mume wangu."

Mgeni alipoelezwa, uso ukamwiva. Kisha akavua viatu.

"Anauliza," nahodha akasema, "kama anaweza kumngoja pamoja nawe."

Mjane alisogea, akamwachia nusu ya mkeka.

Ndugu zangu, mgeni alikosea maana ya neno, akafika. Sisi majirani zake hatukukosea. Tulijua mjane anamwita nani, na kwa kuwa jina halikuwa letu, tukakaa majumbani mwetu. Leo ukitoka hapa utapita mlango ambao ndani yake kuna mtu anamwita mwingine, asiyerudi. Je, utangoja mpaka akuite wewe?